Taa za Kijani Chini ya Pikipiki

Inspekta Gunvor Hedkvist aliizunguka tena pikipiki ile, akainama, akainuka huku ameshika goti, na bado hakuona hata dalili ya taa ya kijani. Alichokiona ni pikipiki nyeusi ya Kijapani iliyokwisha pita mikononi mwa watu, tangi limekwaruzika upande wa kushoto, matope yamekaukia kwenye madigadi.

"Yule mzee wa msituni alikuwa amelewa," alisema. "Au mimi ndiye mpumbavu."

"Yote mawili yanawezekana, mkuu," Rauno Kemppi alimjibu kutoka chini ya injini.

Rauno alikuwa fundi wa idara ya uchunguzi, Mfini aliyeletwa Sweden mtoto na kukulia hapo hapo Håksfors. Alikuwa na ulimi wa kejeli ambao Gunvor alishauzoea, na siku kama hii aliushukuru, maana kituo kizima kilikuwa kimenuna. Kila asubuhi mama mmoja aliyeitwa Märta Ohlin alipiga simu akauliza swali lile lile: mwanangu mmempata? Asubuhi hii pia alipiga. Gunvor alimwambia wanaendelea, akaichukia sauti yake mwenyewe.

Mwanawe huyo, Ylva, mwalimu wa shule ya msingi, alitoweka Jumamosi ya wiki iliyopita. Mumewe, Krister Sandell, alieleza kwamba waligombana kidogo mchana, Ylva akaondoka kwa miguu kwenda kituo cha basi, na simu akaiacha mezani. Gari lao lilikuwa kwa fundi wa bodi tangu Ijumaa, na fundi alithibitisha. Pale nyumbani kilibaki chombo kimoja tu chenye magurudumu, nacho ni pikipiki hii aliyoinunua mwezi wa Agosti. Jirani aliisikia ikitoka jioni. Krister hakubisha. Alikiri kwamba alitoka nayo kumtafuta mkewe kwenye barabara ya kituo cha basi, akamkosa, akarudi. Alitoka peke yake. Maneno hayo mawili aliyarudia kila alipoulizwa, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Hapo ndipo alipoingia mzee Sixten Bäckfors na kuvuruga kila kitu. Jioni ile ile, akiwa kwenye kibanda chake cha kuvizia kulungu, aliona pikipiki ikipita njia ya msitu kuelekea machimbo ya zamani, chini yake inang'aa kijani. Baadaye ikatoka nyingine, haina taa hizo. Pikipiki mbili, alisema. Polisi wakaanza kuisaka hiyo ya kijani mkoa mzima, wakagonga milango ya vijana wanaopenda kupamba vyombo vyao, wakaambulia matusi. Mpaka jana, Gunvor alipokuwa akipekua picha za mkusanyiko wa wapenda pikipiki wa kiangazi cha mwaka juzi, akaliona tangi lililokwaruzika upande wa kushoto. Namba ilikuwa hii hii. Na chini yake, lami yote ilikuwa ya kijani.

"Zipo," Rauno alisema. "Hebu inama uone. Pole na goti."

Alimulika kwa tochi. Kando ya injini, kila upande, palikuwa na kipande chembamba cha plastiki nyeusi kilichoshikwa na uchafu, na kingine kama hicho chini ya mkia.

"Hizo?" Gunvor aliuliza. "Mimi nilidhani ni mpira wa urembo."

"Kila mtu angedhani hivyo. Ni taa za LED, za kubandika. Zikizimwa hazionekani. Ukiuziwa pikipiki bila kuambiwa, unaweza kuiendesha mwaka mzima usijue unazo."

"Basi ziwashe."

"Ningeiona swichi ningekuwa nimeshaziwasha, saa hizi niko kantini nakula mkate wa mdalasini."

Alichukua betri ya akiba, akavuta waya mbili, akazigusisha kwenye mwisho wa kile kipande. Sakafu ya gereji ikawa kijani. Alipoziondoa, ikarudi kuwa saruji.

"Taa zenyewe ni nzima," alisema. "Ugonjwa uko juu zaidi."

Akaufuata waya. Ulipanda kando ya fremu, umefungwa vizuri, ukapita kwenye fyuzi ambayo nayo ilikuwa nzima, ukaenda kuzama chini ya kiti cha abiria. Kiti hicho kilikuwa kipande cha peke yake, tofauti na cha dereva. Rauno akakifungua. Chini yake palikuwa na kijisanduku kilichoviringishwa tepu nyeusi. Akachomeka ncha za mita ya umeme, akasoma.

"Umeme unafika hadi hapa, kisha hauendi popote. Unaona waya hizi mbili? Zilikuwa zinakwenda kwenye usukani, kwenye swichi. Mtu amezikata fupi akazichomeka humu."

"Kwa hiyo haziwezi kuwaka?"

"Bila swichi, zitawakaje? Njia ya umeme imekatwa. Kwa kadiri ninavyojua mimi, taa hizi zimekufa tangu siku ile zilipokatwa."

Gunvor akaitazama ile sakafu ya saruji. Kama taa zilikufa, basi mzee Sixten aliona pikipiki nyingine, na Krister Sandell alikuwa anasema kweli, na Ylva angeweza kuwa popote kati ya hapa na Stockholm. Hakuamini hata moja kati ya hayo. Lakini mwendesha mashtaka hapokei hisia za mtu, na Gunvor alijua alivyokaribia kurudi mikono mitupu kwa yule mama wa kwenye simu.

"Rudisha kiti," alisema. "Nampigia mwendesha mashtaka."

Rauno akakibana kiti mahali pake, akarudi kulala chini kukusanya bisibisi zake. Gunvor, goti likimuuma, akajiegemeza, kisha akaketi kabisa kwenye kiti cha nyuma, ubavu ubavu, akatoa simu.

"Mkuu."

"Nini tena?"

"Usishuke. Usijitikise hata kidogo."

Gunvor akainama kutazama. Aliona mguu wake, aliona bomba la moshi, basi.

"Mimi sioni kitu."

"Huwezi kuona. Aliye juu haoni. Lakini nakwambia, hapa chini kumekuwa kama disko."

Akasimama. Rauno akasema zimezima. Akaketi, Rauno akasema zimewaka. Wakakifungua tena kiti. Mara hii walijua pa kutazama: zile ncha mbili zilizokatwa zilifungwa tepu siku nyingi zilizopita, tepu ikalika kwa mtikisiko, na shaba tupu ikabaki imelala chini kidogo tu ya bamba la chuma la kiti cha abiria. Kiti kikiwa kitupu, springi ililiinua bamba, na ncha hazikuguswa. Akikaa mtu, bamba lilishuka na kuziunganisha.

"Kumbe swichi ni kiti," Rauno alisema polepole.

"Na dereva peke yake je?"

Hapo wakaanza kazi yenyewe. Rauno alikaa mbele, akaruka ruka, giza. Aliitoa nje uani akaipitisha juu ya mbao walizozipanga, kwa kasi iliyomfanya konstebo mmoja aliyewekwa kutazama chini ajisogeze nyuma ya pipa, na bado giza. Waliweka sanduku la vifaa kwenye kiti cha nyuma, giza. Waliweka mfuko wa mchanga ule wa kumwagia barafuni, giza. Wakaongeza mfuko juu ya mfuko, na mifuko ilipofikia uzito wa mtu, uwanja ukawa kijani.

"Mtu mzima," Rauno alisema.

"Au mzigo wenye uzito wa mtu mzima. Wakili wake atasema hivyo kabla sijafunga mdomo." Gunvor alijifuta mchanga mikononi. "Kwa hiyo tutamuuliza habari za mzigo kabla hajajua kwa nini tunauliza."

Aliyeiuza pikipiki ile aliitwa Jerker Norling, mwashi wa mji wa jirani. Gunvor alimpigia akiwa bado uani, simu iko kwenye spika ili Rauno asikie.

"Taa?" Jerker alisema. "Taa zipi hizo?"

"Bwana Jerker, ninayo picha yako. Umesimama kando ya pikipiki, umeshika soseji, chini kuna kijani kitupu."

Jerker alisikika akifunga mlango.

"Sikiliza dada, msinifanyie hivyo. Watu wa ukaguzi wa magari hawazitaki taa hizo, si unajua? Ukaguzi ukikaribia kila mtu anaficha vyake. Mwingine anabadilisha bomba la moshi, mwingine anarudisha vioo vya kiwandani. Mimi nikakata swichi, waya nikazisukumia chini ya kiti, tepu kidogo. Ikapita bila dosari. Nilitaka kuzirudisha baadaye, halafu mke wangu akapata mimba, pikipiki ikaambiwa iondoke."

"Mnunuzi ulimwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Yeye alitaka karatasi ya ukaguzi tu. Aliisoma mara mbili mbili, akaikunja, akaitia mfukoni kama cheti cha ndoa. Mtu wa hivyo unamwambia habari za waya?"

"Kuna kitu kingine ulimpa?"

"Helmeti. Mbili. Yangu nyeusi, na ya mke wangu nyekundu. Mke alisema tuchome vyote, hataki kuviona."

Gunvor alikata simu. Gereji ya Krister alikuwa ameikagua yeye mwenyewe, rafu kwa rafu. Palikuwa na helmeti moja, nyeusi. Alikuwa ameishika.

Sixten Bäckfors walimkuta kwenye nyumba ya wawindaji ukingoni mwa msitu, pamoja na sufuria ya supu ya njegere, maana ilikuwa Alhamisi, siku ya supu hiyo Sweden nzima. Wenzake walikuwa wametangulia kwenye vibanda vyao. Alikuwa mzee mrefu, aliyestaafu kiwanda cha chuma, ugoro umetuna chini ya mdomo wake wa juu, na alipomwona Gunvor alikunja uso.

"Kama umekuja kunicheka, foleni ni ndefu," alisema. "Hapa siku hizi naitwa Mzee wa Nyota. Nilitangaza kwenye redio yetu ya wawindaji kwamba nimeona mwanga wa kijani, wakaniuliza kama wageni wa angani wameniomba ugoro. Na mimi nikacheka nao."

"Sicheki, mzee wangu. Nieleze ile pikipiki ya pili. Uliiona?"

"Niliiona taa yake ya mbele. Chini giza."

"Na mlio wake?"

Sixten akafikiri. Aliuhamisha ugoro kwa ulimi.

"Inakohoa ikipunguza gia. Kama mtu mwenye kifua kibaya."

"Na ile ya kijani?"

"Nayo... nayo ilikohoa."

"Sasa kwa nini ulisema mbili?"

"Mama, moja ina taa na nyingine haina! Ungesema nini wewe?"

"Ningesema kama wewe. Njia ile inatokea wapi?"

"Haitokei popote. Inaishia kwenye uzio wa lile shimo la mgodi, Svarthålet. Baba yangu alishuka humo mpaka walipolifunga. Sasa limejaa maji."

"Tangu Jumamosi mmekuwa njiani hapo kila siku, mchana kutwa. Ile ya kijani ilitoka lini?"

Kijiko cha mzee kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Hakikufika. Alikirudisha sahanini, akamtazama Gunvor.

"Haikutoka," alisema. "Jamani. Iliingia na taa ikatoka bila taa. Ni moja."

"Ni moja."

"Nilikuwa na redio mkononi. Nilikuwa na gari pale chini. Mimi nikakaa pale nacheka."

Gunvor alimwambia kwamba hakuna mtu ambaye angejua. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia mzee hata kidogo.

Krister Sandell alifika kituoni kabla ya wakati aliopewa, pamoja na wakili wake, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya dhahabu. Alikuwa amenyoa. Meneja wa ghala, mtu wa kupanga vitu, alivua koti akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha pembeni, mikono ndani.

"Kuna habari yoyote?" aliuliza.

"Tutafika huko, bwana Krister. Nataka tu kunyoosha mambo madogo ya Jumamosi. Pikipiki uliendesha mwenyewe?"

"Nimeshasema."

"Hukumwazima mtu?"

"Siazimi vitu vyangu."

"Na ulikuwa peke yako."

"Peke yangu. Inspekta, mtaniuliza hilo mpaka lini?"

"Samahani, ni kazi. Labda ulibeba kitu nyuma? Begi la nguo zake, kwa mfano, kama ungemkuta kituoni. Mfuko wa takataka. Kuni. Watu hubeba vitu."

Krister alimtazama kama anatafuta mtego uko wapi. Hakuuona.

"Sikubeba kitu. Wala begi. Kiti cha nyuma hakijawahi kukaliwa na kitu tangu nimeinunua."

"Wala mkeo? Hata siku moja, kujaribu tu?"

"Ylva anaogopa pikipiki."

Gunvor aliandika. Alikuwa akiandika polepole kwa makusudi, na ndani yake hasira ilikuwa imeanza kupanda, kwa sababu sasa alimwona Ylva vizuri: mwanamke anayeogopa pikipiki, aliyekubali kupanda kwa sababu mumewe alimbembeleza baada ya ugomvi, au kwa sababu alichoka kugombana.

"Ulipewa helmeti ngapi na aliyekuuzia?"

"Moja."

"Una hakika?"

"Moja. Nyeusi. Mmeiona."

"Na barabara uliyopita ni ya kituo cha basi. Hukuingia njia ya msitu, ile ya Svarthålet?"

"Nifuate nini huko? Kuna wawindaji, mtu anaweza kupigwa risasi."

"Swali la mwisho, nalo ni la kipuuzi. Pikipiki yako ina taa za mapambo? Zile za rangi rangi?"

Krister alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kwanza tangu wafahamiane.

"Mimi? Hizo ni za watoto. Ilipita ukaguzi bila dosari hata moja, karatasi ninayo nyumbani. Nilisikia kuna mzee ameona pikipiki ya kijani. Mtafuteni huyo wa kijani."

"Tumemtafuta," Gunvor alisema.

Akafungua jalada. Akaweka mezani picha: pikipiki yenyewe uani kwa polisi, dereva amekaa mbele, chini giza. Akaweka ya pili: dereva yule yule, na nyuma yake Gunvor mwenyewe, mikono kiunoni mwa Rauno, sura imekunjwa. Chini yao uwanja wote ulikuwa kijani.

"Aliyekuuzia alizificha zisionekane kwenye ukaguzi, na hakukwambia. Alikata swichi. Ncha za waya zimelala chini ya kiti cha abiria. Ukiwa peke yako, hakuna taa. Tumeirusha juu ya mbao, hakuna taa. Tumeweka sanduku la vifaa, hakuna taa. Zinawaka akikaa mtu mzima nyuma, na zinazima akishuka. Wewe uliye mbele huoni kitu. Aliye nyuma haoni kitu. Anayeona ni aliyesimama kando ya njia."

Wakili alinyoosha mkono, lakini Krister hakuutazama. Alikuwa anatazama picha ya pili.

"Uliingia msituni na taa," Gunvor aliendelea. "Ulitoka bila taa. Umeniambia sasa hivi, na mashine inarekodi, kwamba ilikuwa wewe, kwamba hukubeba mzigo wowote. Kwa hiyo aliyekuwa nyuma ni mtu. Mtu huyo alishuka Svarthålet, hakupanda tena. Ni nani, bwana Krister?"

Krister alizisogeza zile picha mbili zikae sambamba, pembe kwa pembe.

"Yule mzee," alisema, "alimwona Ylva usoni?"

"Krister, nyamaza," wakili alisema.

Lakini alikuwa ameshasema, na wote watatu walijua. Wakili alivua miwani yake akaiweka mezani. Gunvor alisoma saa kwa sauti ili mashine iichukue, akamwambia Krister Sandell kwamba anakamatwa.

"Yuko mle majini?" alimuuliza. "Nijibu hilo tu. Mama yake anangoja."

Krister alichukua koti lake lililokunjwa, akalikumbatia.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Uzio wa Svarthålet ulionekana mzima mpaka Rauno alipoupapasa: waya ulikatwa chini, kisha ukafungwa tena kwa vipande vipya, kila fundo limekunjwa kwa usafi, ncha zote zimegeuzwa ndani ili zisimchome mtu. Gunvor alisimama akiyatazama mafundo hayo. Mtu alikuwa amemsukuma mkewe shimoni, kisha akapiga magoti akaziba uzio kwa uangalifu, wapita njia wasije wakaumia.

Wazamiaji walishuka wawili. Maji ya mgodi ni meusi na hayana samaki, na baridi yake haibadiliki mwaka mzima. Sixten alikuwa amekuja bila kuitwa, akakaa kwenye jiwe mbali kidogo na wengine, kofia magotini, mvua inamnyeshea kipara.

Walimpandisha kabla ya mchana. Alikuwa amevaa helmeti nyekundu, na mkanda wake bado ulikuwa umefungwa chini ya kidevu. Hakupewa hata nafasi ya kuivua.

"Usimguse usoni," Rauno alimwambia konstebo mmoja, kwa sauti ambayo Gunvor hakuwahi kuisikia kwake, halafu akaondoka akaenda kusimama nyuma ya gari.

Gunvor aliendesha hadi nyumba ya parokia kumchukua mchungaji Helge, kwa sababu habari ya namna hii polisi hapeleki peke yake. Märta Ohlin aliishi katika nyumba ndogo ya mbao, dirisha la jikoni linatazama barabara, na walipoegesha pazia lilikuwa tayari limesogezwa.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Märta alikuwa mfupi, amevaa aproni, unga mikononi. Alimtazama Gunvor, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa na swali lile la kila asubuhi. Kisha akamwona aliye nyuma, akaiona kola nyeupe shingoni.

"Gunvor, wewe ingia," alisema. "Kahawa iko tayari. Yeye abaki nje."

"Mama Märta..."

"Abaki nje, nimesema." Aliinua mkono wenye unga. "Mchungaji, nakuomba baba yangu, usikanyage kizingiti changu. Wewe bado hujafika. Unanisikia? Bado hujafika."

Mchungaji Helge aliinamisha kichwa, akarudi hatua, akabaki kwenye ngazi mvuani.

Gunvor aliingia, akaketi jikoni. Märta alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, akaketi mkabala naye, akaikunja mikono juu ya aproni. Hakuuliza kitu, na Gunvor hakuthubutu kusema. Maandazi yalikuwa yanaiva kwenye oveni, harufu yake imejaa nyumba. Walikaa hivyo, wote wawili wakimsikia mchungaji anakohoa nje, mpaka Märta mwenyewe alipoinuka, akajifuta mikono, akaenda kumfungulia mlango.